Nimeishika Kamera ya Wanaanga, Hapa Hapa Butembo

Ni nyeusi, ni nzito, ina kishikio cha pili kwa picha za kusimama, na ndiyo hiyo hiyo! Nikon Z9. Mwili uleule, kihisi kilekile, vitufe vilevile vilivyopanda mwishoni mwa Januari 2024 ndani ya chombo cha mizigo cha Cygnus kwenda Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita 400 juu ya vichwa vyetu. Mwenzangu mmoja wa kazi ya habari amepita Butembo akielekea Bunia, akaniachia mfuko wake wote: kamera, lenzi ya mm 50, na lile dubwana la mm 180 hadi 600. Ataichukua akiwa njiani kurudi. Tangu hapo usingizi umenihama, na sina haja nao.

Niseme mapema jambo lililonifanya nishike kalamu. Sisi wa mapicha huku Grand Nord ya Kivu Kaskazini, Kongo, tukisikia jina la NASA tunawaza mitambo ya siri, vitu ambavyo mikono yetu haitavigusa kamwe. Ndugu zangu, kamera iliyoko kule juu ni ya dukani. Nikon waliitangaza tarehe 28 Oktoba 2021 kwa bei ya dola 5,500, na wanaanga wanaitumia ndani ya kituo kwa umbo lake hilo hilo. Kilichobadilishwa ni programu ya ndani. Huko juu mionzi ya anga hupiga kihisi usiku na mchana na kumwaga madoa meupe juu ya picha, kwa hiyo Nikon waliiwekea kazi ya kusafisha madoa hayo hata shata inapokwenda mbio, wakati ambapo kamera za duniani hazijisumbui. Basi! Mengine yote ninayo hapa mezani, Butembo, kando ya kikombe cha kahawa ya kwetu.

Nianze na mkono. Mwili peke yake, pamoja na betri na kadi, una gramu 1,340. Dubwana la lenzi linakaribia kilo 2. Ukiviunganisha unabeba zaidi ya kilo 3 shingoni, na mji wetu wote ni wa kupanda na kushuka. Mwanaanga uzito huo hausikii, lakini asidhani amesamehewa: kitu kikubwa kinabaki kikubwa hata kikielea, na ukiigeuza lenzi ya namna hiyo kwa ghafla, nayo inakugeuza wewe. Ndiyo maana hufunga miguu yao chini ya vyuma vilivyowekwa makusudi kabla ya kupiga. Mimi nilisimama kwa miguu miwili juu ya vumbi jekundu na nikashukuru.

Halafu ukimya! Z9 haina shata ya chuma kabisa. Hakuna kioo kinachoruka, hakuna pazia linalofungua na kufunga. Kihisi chenyewe kinasoma nuru na kuimaliza. Kwa anayepiga ndoa kanisani hiyo ni neema, maana padri hageuki tena kukutazama kila bwana harusi anapovishwa pete. Kwa mwanaanga maana yake ni kubwa zaidi: kitu kisichosogea hakichakai, na fundi wa kamera hayuko karibu naye. Niliielekeza kwa wamotari wanaoteremka na magodoro, mabati na abiria wawili wawili, nikabonyeza. Fremu 20 kwa sekunde, picha mbichi kamili za megapikseli 45.7. Ukikubali megapikseli 11 inakupa 120 kwa sekunde. Mia moja na ishirini! Jicho la dereva lilishikwa na fokasi tangu akiwa mbali na halikuachiliwa, hata alipopita nyuma ya lori la mbao. Nilizirudia picha hizo moja moja nikitafuta iliyotoka ukungu, nikachoka kutafuta.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami, maana hapa ndipo moyo unapoanza kwenda mbio. Pikseli moja ya Z9 ina upana wa mikroni 4.35 hivi. Mpe mwanaanga kamera hii na lenzi ya mm 400, aelekeze chini moja kwa moja kutoka kilomita 400. Fremu yake itameza eneo la kilomita 36 kwa 24, na kila pikseli itabeba kipande cha ardhi cha mita 4 na kitu. Butembo nzima inaingia, kutoka Bulengera hadi Vulamba, ikabaki na nafasi ya mashamba. Beni haiingii, kwa sababu kati ya miji yetu miwili kuna kilomita 44 hivi hata ukinyoosha kamba. Akibadilisha na kuweka mm 800, pikseli inashuka hadi mita 2 na ushei: lori linaonekana, paa la kanisa kuu linaonekana, pikipiki bado. Na akirudi kwenye mm 50, lenzi kama hii niliyo nayo, fremu moja inabeba kilomita 288: Goma, Butembo na Beni, Ziwa Edward lote, volkano za Virunga na Rwenzori, vyote kwa bonyezo moja. Lenzi inayotosha kupiga maharusi sebuleni inatosha kuibeba karibu Kivu Kaskazini nzima!

Lakini jaribu kufikiri kasi. Kituo kinazunguka dunia kwa kilomita 28,000 kwa saa. Toka Butembo hadi Kinshasa kwa mstari mnyoofu ni zaidi ya kilomita 1,600. Safari ambayo kwetu haina barabara ya kuaminika, wao wangeimaliza kwa chini ya dakika 4. Kwa lenzi ya mm 400 ardhi inakimbia pikseli nzima kila sehemu ya 1,600 ya sekunde. Mchana si tatizo, jua la ikweta linaruhusu shata ya 1/2000 bila kusita. Usiku ndipo kazi. Mwanaanga Donald Pettit, alipokuwa kituoni mwaka 2002 na 2003, alichukua mabaki ya vyuma na drili ya betri akaunda mkono unaozungusha kamera kinyume cha mwendo wa kituo, na kwa mara ya kwanza taa za miji zikaonekana makini badala ya kuwa mistari. Mwaka 2012 Shirika la Anga la Ulaya lilipeleka kifaa rasmi cha kazi hiyo, NightPod, na Mholanzi André Kuipers akakitumia. Mimi ninayempenda ni Pettit. Fundi wa kuunganisha vyuma na drili tunamjua; yuko katika kila mtaa wa Butembo. Na mzee huyo alirudi tena kituoni Septemba 2024, Z9 zikiwa tayari zimefika, akakaa na lenzi zake za tundu kubwa akipiga nyota na taa za miji hadi aliporejea duniani tarehe 20 Aprili 2025, siku aliyotimiza miaka 70.

Mimi nami nikaijaribu usiku. Mji wetu si wa taa nyingi; mitaa mingi inaangazwa na taa za pikipiki, balbu za sola na vibanda vya wauza chipsi na brosheti. Nikaweka mm 50, tundu f/1.8, ISO 12,800, nikapiga mama muuza ndizi za kuchoma akiwa na mwanga wa makaa peke yake. Ngozi ikatoka na rangi yake ya kweli. Moshi ukatoka kama moshi. Chembechembe zipo, ndiyo, lakini ni laini kama za filamu, na uso haukugeuka matope. Kwa miaka mingi kamera zimetufundisha sisi watu weusi kwamba usiku tusipige picha bila flashi. Hii imeniambia nipige tu.

Kuna swali ambalo kila kijana aliyeiona kamera hii amenirushia: kwa nini Nikon, kwa nini wasijitengenezee yao? Jibu liko katika historia, na historia yenyewe ni tamu. Februari 1962, John Glenn alipozunguka dunia, alikuwa na kamera ndogo ya Ansco Autoset iliyonunuliwa duka la kawaida kwa kama dola 40, ikapachikwa kishikio ili aitumie akiwa na glavu. Kwa safari yake ya Oktoba mwaka huo huo, mwanaanga Wally Schirra alinunua Hasselblad 500C katika duka la kamera mjini Houston. Wakavua ngozi yake, wakaipaka rangi nyeusi ili isiakisi nuru dirishani, akaruka nayo ikiwa na lenzi ya Zeiss Planar ya mm 80. Tangu siku hizo utaratibu ni ule ule: tafuta kifaa bora cha dukani, kiondolee kisichohitajika, ongeza kinachohitajika. Hasselblad zilizoshuka mwezini zilipakwa rangi ya fedha kupambana na joto, zikafungwa kifuani mwa mwanaanga, hazina hata tundu la kuchungulia. Mtu analenga kwa kugeuza kiwiliwili. Lenzi ilikuwa Zeiss Biogon ya mm 60, na mbele ya filamu kulikuwa na kioo chenye misalaba midogo ya vipimo, ile misalaba tunayoiona mpaka leo katika picha za mwezini. Neil Armstrong ndiye aliyeishika kamera muda mwingi, kwa hiyo yeye mwenyewe haonekani sana katika picha nzuri za Apollo 11. Kila mpiga harusi wa Butembo anamwelewa kabisa. Kamera zikaachwa huko huko kupunguza uzito. Walirudi na filamu tu.

Na ipo picha moja ambayo ningependa itundikwe katika kila darasa la Beni na Butembo. Tarehe 7 Desemba 1972, saa chache baada ya kuruka, watu wa Apollo 17, Eugene Cernan, Ronald Evans na Harrison Schmitt, waliielekeza Hasselblad yenye lenzi ya mm 80 kwenye dunia iliyokuwa karibu kilomita 29,000 nyuma yao, jua likiwa mgongoni mwao. Ikatoka dunia nzima, mviringo, imewaka yote. Na bara lililojaa katika picha hiyo ni letu! Afrika kuanzia juu, Madagaska pembeni, barafu ya Antaktika chini, na ndani ya bara hilo ukanda wa ikweta wenye mawingu yake, ambako nchi yetu, wakati huo ikiitwa Zaire, imelala. Picha inayotajwa miongoni mwa zilizosambazwa zaidi katika historia ya binadamu ni picha ya nyumbani kwetu. Bibi zetu walikuwa shambani ndani ya picha ile, chini ya wingu lile.

Nikon waliingia safarini na Apollo 15 mwaka 1971, wakaendelea na F3 katika vyombo vya shuttle kuanzia mwaka 1981, kisha zikaja za kidijitali moja baada ya nyingine: D2Xs, D3S, D4, D5. Za D5 NASA iliagiza 53 kwa mkupuo. Sababu ya wingi huo ni mionzi ile ile: kihisi kikikaa huko muda mrefu pikseli zinakufa, na kamera iliyochoka hupakiwa katika chombo cha takataka kinachoungua kikirudi katika hewa ya dunia. Inaniuma hata kuandika. D5 inayoungua angani, na hapa kuna kijana mwenye kipaji anayepiga na simu iliyopasuka kioo!

Na hadithi haijaisha. Februari 2024 NASA na Nikon walitangaza mkataba wa kuandaa kamera ya mkononi ya kutumika mwezini, na msingi wake ni Z9 hii. Imevishwa blanketi la kuzuia joto na vumbi, na kishikio chenye vitufe vikubwa vinavyobonyezeka kwa glavu nene. Vumbi la mwezi lina makali ya kukata. Letu la barabara ya Butembo na Beni ni jepesi kwa kulinganisha, ingawa kwa lenzi si rafiki hata kidogo. Nimeipenda Z9 kwa kitu kidogo kinachohusu vumbi: ukiizima, kuna ngao inayoshuka na kukifunika kihisi, hivyo unabadilisha lenzi kando ya barabara bila kushika roho. Anayejua gharama ya kusafishiwa kihisi Kampala atanielewa.

Sasa niwapeleke Beni, maana huko ndiko nilikotaka kuipima lenzi ndefu. Beni ina zawadi ambayo Butembo tunaionea wivu: asubuhi ikiwa safi, upande wa mashariki Rwenzori yote inasimama wima, na juu yake barafu, karibu na ikweta! Kilele cha Margherita kina mita 5,109. Kutoka mjini ni kama kilomita 46 kwa mstari mnyoofu. Nilifika mapema, nikamjulisha mkuu wa mtaa kazi ninayokuja kufanya, kwa sababu lenzi ya ukubwa huu si kitu cha kuinua ovyo katika mji uliochoka na risasi, na tangu Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi. Alinipa baraka na kijana wa kunisindikiza. Nikasimamisha miguu mitatu, nikavuta hadi mm 600, nikasubiri.

Mawingu yakafunguka kwa muda mfupi. Ndugu msomaji, niliona nyufa za jabali! Niliona mstari ambapo jiwe linaachana na barafu, niliona kivuli cha kilele kimoja kimeangukia kingine. Nikapiga mfululizo, nikasogeza, nikapiga tena, moyo ukidunda hadi nikahofia nitatikisa mashine. Mwaka 1906 Mwitalia Vittorio Sella aliupanda mlima huu pamoja na Duki wa Abruzzi, wapagazi wakimbebea mitambo na vioo vya picha, akaleta picha ambazo hadi leo ni za heshima. Wakati huo barafu ya Rwenzori ilikuwa karibu kilomita za mraba 6.5. Kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita 1 ya mraba, kama ilivyopimwa kwa picha za setilaiti. Kwa hiyo kila fremu ya barafu hii ni hati, na sisi tunaokaa chini yake, Wanande upande huu na Wakonzo upande wa Uganda, ndio wenye haki ya kwanza kuiandika.

Nilipozitazama picha zangu kwenye kompyuta nikagundua jambo lililonipa furaha ya ajabu. Zilikuwa na utando wa buluu, ule ukungu wa mbali. Nikaweka kando yake picha ya mlima iliyopigwa na wanaanga: imekolea, safi, kana kwamba mpigaji alikuwa karibu kuliko mimi. Inawezekanaje, naye yuko kilomita 400? Jibu ni hewa. Hewa yote iliyo juu yetu, ukiibana yote iwe nzito kama ya usawa wa bahari, ina unene wa kilomita 8 tu. Nusu yake iko chini ya kilomita 5.5. Mwanaanga akitazama chini wima anapenya hiyo tu, na njia yake iliyobaki ni utupu mtupu. Mimi niliyesimama Beni nikitazama kwa ubavu nilipenya hewa zaidi ya mara nne ya hiyo, pamoja na unyevu wa bonde la Semliki na moshi wa mashamba. Nilishindana na hewa, na kwa kamera ileile! Ningekuwa dirishani kwake ningepata picha yake. Angekuwa Beni angepata yangu. Hilo limenitoa unyonge wote niliokuwa nao kuhusu picha za anga.

Dirisha lenyewe, nalo, ni sehemu ya lenzi, na wengi hulisahau. Februari 2010 kituo kilipachikwa chumba cha madirisha saba kinachoitwa Cupola. Kioo chake cha katikati kina upana wa sentimita 80, na nje kuna vifuniko vya kukilinda na vijiwe vya angani. Picha nyingi tunazozipenda zimetoka humo. Lakini kwa lenzi ndefu sana kuna dirisha jingine, katika maabara ya Destiny, lenye kioo kilichosuguliwa kwa ubora wa lenzi hasa. Mwenye lenzi ya dola elfu kumi na dirisha baya ana picha mbaya. Hili hata anayepiga kupitia kioo cha basi analijua.

Nimeliacha hadi sasa kwa makusudi jaribio nililolipenda kuliko yote. Kituo huonekana kwa macho matupu jioni baada ya jua kuzama au alfajiri kabla halijachomoza, nyota kubwa isiyomemeta, inakwenda kimya. NASA hutangaza saa za kupita kwake kwa kila mji, na mara nyingi kinapita juu ya ikweta yetu. Kina upana wa mita 109. Kwa mm 600 na pikseli za Z9, kikiwa juu kabisa ya kichwa, kila pikseli inabeba mita 2.9, kwa hiyo kituo chote kinapaswa kutoka na pikseli kama 37. Ndogo, ndiyo, lakini si nukta tena: ni umbo! Nikaweka fokasi kwa mkono juu ya mwezi, shata 1/2500, tundu f/6.3, nikakaa juu ya paa la zege la jirani. Kinavuka fremu nzima kwa sekunde 3 tu ukiacha kamera imesimama, hivyo lazima ukifuate kwa mkono. Nikakifuata. Fremu 20 kwa sekunde, bila kelele.

Na kikatoka! Boriti ya katikati, na mabawa ya sola pande zote mbili, ya rangi ya dhahabu iliyofifia. Nilipiga ukelele hadi mbwa wa mtaa mzima wakajibu. Watu wakapanda paani kuangalia skrini, watoto, mama mwenye nyumba, fundi cherehani wa chini, kila mmoja akikuza picha kwa vidole. Mtoto mmoja akauliza kama walioko ndani walikuwa wakituona. Nikamjibu kwamba kamera yao ni hii hii, na dirisha linaelekea chini.

Sasa yale yasiyo matamu, niyapitie haraka. Bei ni ya gari kuukuu, na studio ya kawaida ya Butembo haitairudisha kwa picha za pasipoti na ubatizo. Inatumia kadi za CFexpress, na kadi hizo hapa mjini sijaziona. Unaagiza kwa mfanyabiashara anayekwenda Dubai, na zina bei yake. Picha mbichi ni kubwa, kompyuta ndogo inahema. Uzito nimekwisha kuusema. Lakini betri imenishangaza kwa upande mzuri: inachajiwa kwa waya ule ule wa simu za kisasa, kwa hiyo niliilisha kwa benki ya umeme iliyochajiwa na sola ya paani, bila jenereta. Kituo chenyewe nacho kinaishi kwa sola, tena kwa mabawa yale yale niliyoyapiga.

Hukumu yangu, basi. Hii ndiyo kamera bora kabisa niliyowahi kuishika, na sitaki kuipunguza sentensi hiyo. Kwa anayeishi kwa picha za habari, michezo au wanyama wa Virunga, na anayeweza kuilipia, aichukue bila kuuliza mara ya pili. Kwa studio za harusi nasema tazameni D4 na D5 zilizotumika: zilifanya kazi kituoni miaka mingi, lenzi zake za zamani ni nyingi sokoni, na ubora uliotosha kupiga dunia kutoka angani unatosha kupiga bibi harusi. Mwenye uwezo wa lenzi moja tu achukue mm 50 kwanza, dubwana la 600 litafuata.

Na kwa asiye na dola hata moja ya kamera, kuna hazina ya bure. Picha za wanaanga zimehifadhiwa na Kituo cha Anga cha Johnson mjini Houston, mamilioni yake, wazi kwa kila mtu mwenye intaneti. Nyingi zimeandikiwa aina ya kamera, urefu wa lenzi na tarehe, na unaweza kutafuta kwa majira ya mahali. Butembo ni digrii 0.14 kaskazini, 29.29 mashariki. Beni ni 0.49 kaskazini, 29.47 mashariki. Tafuteni hasa za Januari, Februari, Juni na Julai, mvua inapopungua na mawingu kufunguka, mchapishe, mpeleke shuleni.